Gauni la Kijani

Jumanne iliyopita Rehema, rafiki yangu wa utotoni, alizikwa Tabora, nami nilikuwa huku Adelphi, Marekani, kazini, nikimwogesha mzee wa watu. Jioni binti yangu alinionyesha picha kwenye simu. Kampuni mbili ndogo za reli huko Japani, kwa ajili ya urafiki wao, kila moja imepaka treni yake rangi za mwenzake. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba inapendeza.

Sisi pia tulibadilishana rangi. Alasiri moja, baada ya shule, Rehema alivaa sare yangu ya kijani, mimi nikavaa yake ya buluu, iliyonukia mafuta ya nazi.

"Sasa wewe ni mimi," alisema.

Niliamini kabisa. Tulicheza hadi maharage niliyoachiwa jikoni yakaungua.

Mama alirudi, akaona moshi, akaona mgongo wa kijani mlangoni. Fimbo ikalia mara tatu.

"Mtoto gani wewe, huna masikio?"

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji, nikisubiri mgongo wangu uume, maana aliyekuwa anapigwa ni mimi. Haukuuma. Hapo ningeweza kutoka. Sikutoka.

Rehema alipogeuka, mama aliangusha fimbo. "Jamani, Rehema! Mbona hukusema, mwanangu?"

Rehema hakunitaja. Alikuja nyuma ya pipa, akavua gauni langu, akalikunja vizuri, akanipa.

"Nipe langu," alisema.