Chumvi Imo Garini

Bi Mwatumu binti Soud alikuwa mtu wa kushuku, wala hakuona haya kusema hivyo. Ukimletea samaki atamtazama macho, atamfunua mashavu, atamnusa, kisha akuulize umemtoa wapi, hata kama wewe ni ndugu yake wa tumbo moja. Fundi akimwambia kesho, yeye husikia wiki ijayo. Kwa miaka ishirini na minne alipika chai katika makao makuu ya Kampuni ya Nyuzi Njema, jumba la kale pale Raskazone lenye kuta nene na madirisha ya mbao, na katika miaka yote hiyo hakikupotea kijiko asijue kimepotelea kwa nani. Jioni, wafanyakazi wote walipekuliwa mikoba getini. Yeye hakupekuliwa hata siku moja. Walinzi walimfungulia tu, wakamtakia heri.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye yeye hakumshuku, naye ni Mselem, mkuu wa utumishi. Alifika pale kijana mwembamba kutoka Pemba, hana jamaa mjini, na Bi Mwatumu ndiye aliyekuwa akimwekea wali wa mchana, akaufunika sahani usipoe. Sasa Mselem ana kitambi na gari la kampuni, lakini kwake alibaki kuwa yule yule wa sahani iliyofunikwa.

Maneno yalianza baada ya mfungo. Kampuni inahamishia makao makuu Mombasa, nchi ya pili! Nani kasema? Dereva mmoja, kasikia mpakani Horohoro walipokuwa wakingoja kugongewa mihuri. Bi Mwatumu hakumhitaji dereva. Yeye aliyaona kwenye sinia lake. Wageni wawili wenye lafudhi ya Mombasa walikunywa chai chumba cha mkutano siku tatu mfululizo, na kila alipoingia aliwakuta wanazungumzia joto. Watu wazima, wamevaa tai, siku tatu wanazungumzia joto! Kisha makabati ya faili yakapelekwa kupakwa rangi, yasirudi. Picha za waasisi zikashushwa, zikaacha mabaka meupe ukutani.

"Tunakarabati," akaambiwa.

Ukarabati gani huo, alijiuliza, usio na hata ndoo moja ya chokaa?

Kwake hayo hayakuwa ya umbea tu. Beatrisi, mpishi mkuu wa shule moja ya hapo hapo Raskazone, alikuwa na nafasi jikoni kwake, na alimpa hadi Ijumaa kabla ya adhuhuri aseme ndiyo au hapana. Kampuni ikihama, hakuna atakayemvusha Bi Mwatumu mpaka akapike chai nchi ya watu; na akiachwa bila kazi kwa umri wake wa miaka hamsini na sita, nani atamchukua? Isipohama, atakuwa ameliacha jiko lake kwa maneno ya barabarani. Usingizi ulimpaa.

Jumatatu akamfuata Mselem ofisini, akafunga mlango.

"Mselem mwanangu, niambie mie. Mwahama?"

"Ah, Bi Mwatumu! Na wewe umeshikwa na maneno ya watu?"

"Mie nakuuliza wewe."

"Wallahi hatuhami. Ni rangi na mabati tu. Nikufiche wewe, mie nilokula mkononi mwako?" Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu: "Na wenzako wakikuuliza, watulize. Wewe ukisema, wanasikia."

Akatoka roho imemtulia. Na kweli walimuuliza, wa kwanza akiwa Robert, mlinzi wa getini, Mbondei wa Muheza aliyelinda pale miaka kumi na mmoja. Robert alikuwa amepata kazi kwenye ghala la bandarini, na alitakiwa aripoti Jumatano.

"Mama, niende nisiende?"

"Baki mwanangu. Hawahami. Nimemuuliza Mselem mwenyewe, kaniapia."

Robert akacheka, mabega yakamshuka. "Basi kama wewe umeamini, mimi nani nisiamini?"

Jumatano ikapita, Robert yuko getini.

Bi Mwatumu hakumwambia Beatrisi hapana. Alikusudia kumwambia Alhamisi, akaghairi. Tabia yake ilimvuta nguo. Ijumaa asubuhi, kama kila Ijumaa, akawasha makaa ili afukize ubani ofisini. Chetezo kilikuwa chake mwenyewe, cha udongo, alikirithi kwa mama yake kijijini Kigombe. Hajakitia makaa, Mselem akaingia jikoni. Mselem haingii jikoni.

"Bi Mwatumu, niazime chetezo. Na ubani kidogo. Tuhfa ana wageni leo, anataka nyumba inukie."

Bi Mwatumu akamtazama. Tuhfa, mke wa Mselem, alikuwa na vyetezo vitatu. Aliviona kwa macho yake siku ya harusi. Na tangu lini wageni wakafukiziwa ubani? Wageni hufukiziwa udi. Ubani ni wa dua, wa hitima, na wa kuingia nyumba mpya.

Hakumuuliza kitu, kwa kuwa akiulizwa ataapa tena. Akakifuta chetezo majivu, taratibu, akafunga ubani kwenye karatasi, akampa, na kwa sauti ya mama anayemwandaa mwanawe kwa safari akasema:

"Na chumvi, mwanangu? Usije ukaisahau chumvi."

"Imo garini," akajibu Mselem, macho kwenye simu. "Pamoja na Msahafu na maji."

Hakuna mtu wa pwani hii asiyejua. Msahafu, chumvi na maji hutangulia kabla ya kitanda na kabla ya sufuria, mtu anapoingia nyumba ambayo hajawahi kulala. Nyumba yako ya kila siku huipelekei chumvi kwa gari. Na vyetezo vitatu vya Tuhfa, bila shaka, vilikwisha kufungwa na mizigo.

Mselem akainua uso, akaona anavyotazamwa.

"Lini?" akauliza Bi Mwatumu.

"Bi Mwatumu, sikiliza..."

"Nakuuliza lini."

"Jumatatu tunafungua kule. Barua zenu zitatoka leo jioni. Nilikatazwa kusema. Waliogopa watu wakijua wataondoka mapema, kazi zisimame."

"Ukanituma mie niwashike."

Hapo Bi Mwatumu akaelewa lililomuuma kuliko kuhama kwenyewe. Hakuchaguliwa kwa sababu ya wali ule wa mchana. Alichaguliwa kwa kushuku kwake. Mtu anayenusa hata samaki wa ndugu yake akisema huyu mzima, nani atanusa tena?

Akakinyang'anya chetezo mkononi. "Huko mwendako mtafute cha kwenu," akasema. Mselem akatoka na kifurushi cha ubani peke yake.

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Akampigia Beatrisi.

"Ndiyo," akasema. "Nakuja sasa hivi."

"Njoo, dada. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Alipaswa kufurahi, na kwa muda wa kuvua aproni alifurahi kweli. Akatia chetezo mkobani, akashuka ngazi. Alipoliona geti, akapunguza mwendo.

"Shikamoo mama," Robert akasimama. "Mbona mapema? Leo hujafukiza?"

Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Njiani alikwisha kupanga hata namna ya kukishika.

"Marahaba. Robert, wanahama. Jumatatu."

Robert akatabasamu, akingoja utani umalizike. Haukuwa utani.

"Ile ya bandarini?" akauliza Bi Mwatumu.

"Wamempa mwingine, jana. Lakini mama, wewe ndiye uliyeniambia."

"Ndiye niliyekwambia."

Alikuwa na maneno mengi juu ya Mselem na kiapo chake. Akayaacha, maana Robert hakumwamini Mselem, alimwamini yeye.

Robert akaliendea lango dogo. Akaweka mkono kwenye komeo, hakulifungua.

"Samahani, mama. Naomba nione mkoba."

Bi Mwatumu akaufungua. Robert akasogeza aproni, akakitoa chetezo, akakigeuza huku na huku juani.

"Hiki ni chako au cha ofisi?"

"Changu," akasema, na kwa masikio yake mwenyewe akajisikia kama mtu anayedanganya.