Mstari Usio na Koma

Zilipotangazwa habari kwamba nyumba zetu kuukuu za kanjo, yaani za baraza la jiji, zingebomolewa, kamati ya wapangaji ilinipa kazi ya kuandaa orodha ya watakaopewa nyumba mpya. Nilikuwa na laptopu, na nilikuwa nikijigamba kwamba kompyuta naijua. Ofisi ya mradi ilitaka jina la mwisho litangulie, ifuate koma, kisha majina mengine na nambari ya nyumba.

Mistari ilikuwa mamia. Sikutaka kuirekebisha mmoja mmoja, kwa hiyo niliandika kanuni ya kutafuta na kubadilisha: tafuta majina matatu, lile la tatu liweke mbele, tia koma. Nikabonyeza mara moja, na kurasa zote zikajipanga. Zilibaki takataka tu, vichwa vya kurasa na tarehe. Nikaandika kanuni ya pili: futa kila mstari usio na koma. Mwenyekiti akatia sahihi bila kusoma. Mimi pia sikuwa nimesoma.

Siku ya kuitwa majina tulikusanyika uwanjani. Kando yangu alikaa jirani yetu, mjane wa mfanyakazi wa reli. Yeye ndiye aliyenilea mama akiwa kazini, nami nilimwita kukhu, kama wajukuu zake wa mkoa wa Magharibi walivyomwita nyanya yao. Nambari zilifika karibu na nyumba yake, zikairuka.

"Nimeitwa?" akaniuliza. "Masikio yangu siku hizi…"

"Bado, kukhu."

Tulingoja hadi viti vikaanza kukusanywa.

Nilirudi nyumbani nikafungua orodha ya kwanza. Kitambulisho chake kilikuwa na majina mawili tu. Kanuni yangu haikumwona, hakupata koma, nikamfuta pamoja na vichwa vya kurasa. Yeye na wengine sita.

Asubuhi nilikwenda ofisini. "Orodha imefungwa," karani akasema. "Andikeni rufaa."

Tuliandika. Wale sita walikuwa na watoto wa kushinda mlangoni pa ofisi kila siku, na mmoja mmoja wakarudishwa. Kukhu miguu ilikuwa imemvimba, na bintiye alikuwa kazini kutwa. Mimi nilikwenda mara nne, kisha nikachoka. Hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu.

Nilimweleza kosa langu akiwa anafunga vyombo kwenye magunia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ilitafuta majina matatu."

"Ndiyo."

"Baba alinipa mawili," akasema, akaendelea kufunga.

Alihamia kwa bintiye huyo katika mtaa wa Fedha, akawa analala kwenye kochi sebuleni. Tingatinga lilibomoa safu yetu wiki ileile. Alifariki kabla nyumba mpya hazijaezekwa, rufaa yake ikiwa bado haijajibiwa. Bintiye alinipigia simu, akanitajia siku ya kusafirisha mwili, akakata kabla sijasema pole.