Upara wa Fundi Redio

Kinyozi alikuwa na mke mmoja, kiti kimoja cha kunyolea na adui mmoja. Adui mwenyewe hakujua kama ni adui. Kila nywele zilipomzidi alivuka barabara akaja kukaa kwenye kile kiti, akafungwa shuka shingoni, akafumba macho kwa raha zake na kumwachia Kinyozi kichwa. Watu walimwita Fundi Redio kwa sababu ya kazi yake, na kibanda chake kilitazamana na cha Kinyozi ana kwa ana.

Kosa lake lilikuwa la zamani. Enzi za ujana wao Fundi Redio naye alikuwa amemtia moyoni msichana yule yule. Msichana akamchagua Kinyozi. Fundi akakubali yaishe, akaoa kwingine, baadaye akafiwa na mke, akabaki jirani mwema asiye na neno na mtu. Mwanamume mwingine angesahau, hasa kama ndiye aliyeshinda. Lakini Kinyozi alikuwa na kijiba cha roho. Alimwonea mwenzake wivu hata kwa namna alivyoshindwa bila kununa.

Halafu kulikuwa na zile nywele. Kinyozi mwenyewe upara ulimwanza mapema, na kufikia utu uzima alikuwa amebakiwa na ukingo mdogo juu ya masikio, basi. Fundi Redio alikuwa rika lake, na kichwa chake kilikuwa kimejaa nywele nyeusi tii, za kuchosha mashine. Kila alipomnyoa, Kinyozi alizifagia zile nywele sakafuni kwa hasira kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Basi mke wake aliposhikwa na mtoto wa jicho, kwanza la kushoto kisha la kulia, mpaka akabaki kuona mwanga na vivuli tu, Kinyozi akapata cheo kipya. Akawa ndiye macho ya nyumba. Jioni walikaa wote kwenye benchi nje ya mlango, mke akisikiliza nyayo na sauti, mume akimsimulia nani kapita, kavaa nini, kanenepa au kakonda. Alikuwa msimuliaji hodari, na kutia chumvi alijua.

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo. Mke aliuliza aliyewasalimia ni nani. Kinyozi akajibu ni Fundi Redio, maskini, nywele zimeanza kumtoka. Mke akasema, pole yake. Ile pole ilimkaa Kinyozi kooni, akaona kumbe chumvi haikutosha. Wiki iliyofuata akamng'oa Fundi meno ya mbele. Baadaye akampinda mgongo, akampa na mkongojo. Miaka ikienda, Fundi Redio wa masimulizi alikuwa mtu wa kuombewa dua, na Fundi Redio wa kweli alikuwa juu ya ngazi akiwafungia watu antena. Mke alishangaa mara moja tu, kwamba mtu aliyekwisha hivyo mbona sauti bado ina nguvu. Kinyozi akamjibu kwamba ndivyo ilivyo, sauti huwa ya mwisho kuondoka.

Aliyevuruga mambo ni binti yao. Alikuwa ameolewa mtaa wa pili, na siku moja akaja kibandani amemshika mama yake mkono, kusema amempatia nafasi hospitali, atafanyiwa upasuaji jicho moja kwanza, la pili baadaye. Kinyozi alifurahi, tusimsingizie. Alimkumbatia binti, akamkumbatia mke, akatamani kumkumbatia na mteja aliyekuwa kwenye kiti na povu mashavuni. Furaha ilipopoa akatupa macho ng'ambo ya barabara, akamwona Fundi Redio amesimama mlangoni anajinyoosha, kifua mbele, anacheka na mpita njia kwa meno yake yote. Jasho likamtoka.

Alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Kukiri alishindwa, maana angekiri nini? Kwamba amemzeesha jirani kwa wivu? Meno na mgongo havikuwa kwenye uwezo wake. Nywele zilikuwa kwenye uwezo wake. Kwa hiyo Fundi Redio alipokuja kupunguza nywele, Kinyozi alimtazama kisogoni kwa muda mrefu, akaguna kama daktari, akamwambia anaona mapunye yanaanza, tena mabaya, na dawa yake ni kunyoa chote kwa wembe. Fundi hakuuliza mara mbili. Mtu hana namna ya kukiona kisogo chake, anamwamini aliyesimama nyuma. Wembe ukapita, nywele zikashuka, na Kinyozi akampaka spiriti.

Usimcheke sana, maana adhabu yake haikuchelewa. Alipomfungua shuka na kugeuza kiti kwenye kioo, waliokuwa wakisubiri zamu waliguna kwa kupendezwa. Kichwa cha Fundi Redio kilikuwa na umbo zuri ambalo nywele zilikuwa zimelificha miaka yote. Alionekana kijana, tena mtanashati. Mama mmoja aliyeleta mwanawe kunyolewa akamuuliza kama ana mpango wa kuoa tena. Kinyozi aliuma meno akaita anayefuata.

Siku ya upasuaji alikaa nje ya chumba cha upasuaji, kofia mapajani. Mke alipotolewa, jicho limefungwa pamba na plasta, alikuwa mchangamfu, akasimulia kwamba alitiwa matone mengi, akafunikwa kitambaa chenye tundu, hakusikia maumivu, aliona taa zinacheza tu kama ziko ndani ya maji. Akasema daktari ana sauti ya upole, alikuwa akimwambia, mama, tulia hivyo hivyo, unafanya vizuri. Alilisema hilo mara ya pili. Kinyozi akauliza daktari huyo ni mtu wa umri gani. Mke akasema atajuaje, na yeye alikuwa haoni?

Asubuhi ya kufunguliwa jicho, Kinyozi alijipanga mbele kabisa ya kitanda, amenyoa ndevu, amevaa shati la heshima. Alitaka sura ya kwanza iwe yake. Lakini muuguzi ndiye anayebandua plasta, na anayebandua plasta huinama. Mke akapepesa, machozi yakamtoka, akatazama, akasema kwa sauti ya mtoto kwamba kumbe gauni la muuguzi ni la buluu, tena buluu kali. Akamsifu muuguzi uso. Kisha ndipo akamwona mumewe nyuma ya bega la muuguzi, akamnyooshea mkono. Kinyozi aliupokea, analia kwa furaha, na wivu wa yule muuguzi bado anao.

Nyumbani alipewa kazi, na kazi ikamtuliza. Matone mara nne kwa siku, kikinga jicho usiku, mgonjwa asiiname, asinyanyue ndoo, asikaribie moshi, asitie maji usoni. Kinyozi alifunga kibanda. Alimshika kidevu, akamwinua uso na kudondosha tone bila kukosea, mkono wa kinyozi huo. Mke alimpa sifa zake. Akawa karibu kuamini kwamba mambo yamepita salama.

Fundi Redio akaja kumjulia hali mgonjwa. Alileta matofaa, akakaa kwenye kiti cha wageni, akatafuna tofaa moja kwa kelele. Mke alikuwa amevaa miwani myeusi. Akaivua. Akamtazama mgeni mdomoni, akamtazama mgongo, akatafuta mkongojo mlangoni na asiuone. Mwisho akamtazama kichwani, na hapo ndipo Kinyozi alipoanza kutafuta njia ya kwenda kuchemsha chai. Yule mwanamke alikuwa mke wa kinyozi tangu ujana wake. Aliona ngozi ya kichwa ilivyo nyeupe kuliko ya uso, na visiki vyeusi vya nywele vimeanza kuchomoza kuanzia paji hadi kisogo bila kuacha hata pengo.

Akauliza kwa upole, Fundi amenyoa lini. Fundi akasema ni juzi tu, mumewe ndiye aliyemwokoa na mapunye. Kisha akamwangalia vizuri naye, akatikisa kichwa.

"Shemeji, tumezeeka," alisema. "Mimi, mumeo, hata wewe. Umekuwa bibi kabisa. Lakini afya unayo, tushukuru."

Kinyozi alisikia damu imempanda. Kumwita mkewe mzee, mbele yake, nyumbani kwake! Alimsindikiza mgeni bila kumshika mkono, akarudi amejiandaa kumsema. Mke alikuwa bado amekaa pale pale.

"Haya mapunye," aliuliza, "uliyaona peke yako?"

Kinyozi akaanza kurudisha kiti cha wageni mahali pake.

"Na meno? Yameota upya?"

Basi ikabidi aseme, na akasema vibaya, kwa maneno yanayokanyagana. Alisema alikuwa anaona wivu. Alisema ile sauti ya Fundi ikipita barabarani, mkewe hugeuza uso kuisikiliza. Mke akamwambia alikuwa hana kingine cha kufanya ila kusikiliza, na kila alichosikiliza alikuwa anakiamini kwa sababu ni mumewe amesema. Sasa atajuaje lipi lilikuwa la kweli? Mtu pekee aliyemwambia kweli leo ni huyo huyo Fundi. Hilo lilimchoma Kinyozi kuliko yote. Alipochukua chupa ya matone, mke akaipokea mkononi mwake, akasema atamsubiri binti yake.

Tangu hapo binti ndiye aliyekuja na kutia matone. Kinyozi alikaa ukumbini akiwasikia wanaongea chumbani, akamwonea wivu mwanawe wa kumzaa. Akarudi kufungua kibanda, lakini siku hizo aliwanyoa watu kimya kimya.

Alasiri moja, kibanda kikiwa kitupu, alimwona mkewe anakuja. Alikuwa peke yake. Alisimama ukingoni mwa barabara, akatazama huku na huku kwa jicho lake moja, akavuka bila kushikwa mkono na mtu. Kinyozi alitoka kumpokea akamkuta ameshafika. Mke akavua miwani, akavua na kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye kiti mbele ya kioo. Nyumbani kioo kilivunjika zamani na hakuna aliyekihitaji, maana mwenye nyumba anashinda mbele ya kioo kazini. Alijitazama muda mrefu. Aligusa shavu, akagusa nywele.

"Kila nilipokuuliza nikoje, ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuambia uko vile vile."

"Basi niambie tena. Sasa tunatazama wote."

Kinyozi alitazama kwenye kioo. Alitafuta kwa bidii ule uzee ambao mkewe alikuwa anauona, akatafuta tena, asiupate. Mke alikuwa anamchunguza yeye. Alimjua mumewe akidanganya, huongeza maneno, hutia meno na mikongojo.

"Uko vile vile," alisema Kinyozi, na hakuongeza kitu.

Mke akashusha pumzi. Akamwambia amfunge shuka na azipunguze, zimekuwa ndefu na anaona joto. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa kwenye kile kiti, nywele zake zilikuwa zikisukwa na binti. Kinyozi akamfunga lile shuka jeusi la kazini, akachukua mkasi, akakata pale nyuma ya sikio.

Nywele zikadondoka mapajani. Kichwani zilikuwa nywele za mkewe. Pale kwenye shuka zilikuwa nywele za mtu mzima sana, nyeupe zote, hakuna hata moja nyeusi. Kinyozi akasimama na mkasi hewani, akatazama zile nywele, akatazama shingo nyembamba iliyochomoza kwenye shuka. Mkono uliomtia matone bila kukosea sasa haukujua ukate wapi.

Mke alimwona kwenye kioo.

"Endelea kukata," alimwambia. "Mimi nimeshaona."