Kura ya Bibi

Baba yangu, wakili Yaqdhan, aliupania ujumbe wa Baraza la Shura, bunge la kwetu. Miaka thelathini alitetea watu mahakamani. Mara mbili akagombea, mara mbili akaanguka. Safari ya tatu akaanzia Bawshar kwa mama yake, maana siku hizi kura hupigwa kwa simu, na bibi hajui kuitumia.

"Mie nnamtaka Hatem," bibi akasema, akimtaja mpinzani wa baba. "Nibonyezee, mwanangu."

Baba akacheka. Bibi hakucheka.

"Siku tuliyomzika baba yako, Hatem alibeba jeneza. Wewe ulikuwa na kesi."

Mimi ningebonyeza jina la baba, liwalo na liwe. Bibi asingejua! Lakini wakili asiyekosa hoja aliinamisha kichwa, akabonyeza la Hatem.