Mshiko wa Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto, nyani alikuwa mtu. Hivyo ndivyo Bibi, mama yake mama, alivyotufundisha kule kijijini kwake Masoko: zamani walikuwa watu kama sisi, wakachoka kulima, wakatupa majembe na kukimbilia msituni, na manyoya yakawaota kwa uvivu. Kwa hiyo mwanamke mjamzito asimtazame nyani usoni. Wakitazamana, nyani atakumbuka undugu na kuacha alama yake kwa mtoto.

Sisi tulikaa Bagamoyo, si ile ya pwani, hii yetu ya Tukuyu mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu zake ndio waliotoka huko pwani. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Masoko. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na mahindi ya shamba la kijiji yalipoanza kukomaa kila nyumba ilitoa mtu wa kulinda. Bibi miguu ilikuwa ikimsumbua, basi Mama, na tumbo lake kubwa vile, akaenda kumshikia zamu. Mimi nilikwenda naye kupiga debe la kufukuzia nyani.

Siku moja alitokea nyani jike ukingoni mwa shamba, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Aliketi, akaanza kumchambua mwanawe chawa taratibu, kama mama anayemsuka binti yake. Niliinua debe. Mama akanishika mkono. Akamtazama yule nyani, yule nyani akamtazama, na Mama akatabasamu. Bibi, aliyekuwa akijikokota kutuletea chakula, aliona yote. "Geuka, mwanangu," alisema, lakini alikuwa amechelewa.

Mdogo wangu alizaliwa kabla mwezi wake haujafika, kadogo, kamejaa vinyweleo laini mabegani, mgongoni, hata masikioni. Majirani waliokuja kumwona mzazi walikunywa chai yetu vizuri tu, wakatoka wakinong'ona kwamba nyani amejibu salamu. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyekata shauri: akika, ile ya kumnyoa mtoto na kumchinjia mbuzi, ifanyike chumbani bila wageni, na wembe ukishamaliza kichwa uteremke mpaka mgongoni. "Tumsitiri mtoto," alisema. Baba aliinama juu ya cherehani yake, akaendelea kushona. Mama alimfunga mtoto khanga mpaka kidevuni, akalia, na mimi nilichukia kila mtu mle ndani.

Siku ya saba, mbuzi ameshafungwa uani, Bibi akaingia kutoka Masoko na mkungu wa ndizi kichwani, kwa miguu yake ile ile mibovu. Mama hakumsalimia. Alisema tu, "Ulinikataza, Mama. Sikusikia."

Nilidhani Bibi atajibu, si nilikwambia. Na kweli alikuwa amemwambia. Badala yake alitua mkungu, akaketi mkekani, akamfungua mtoto khanga yote na kumgeuza huku na huku mbele ya Shangazi. Kisha akamtia vidole viganjani, kimoja huku, kimoja huku, vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka yote. Mtoto akavifumbata. Bibi akaviinua polepole, na mdogo wangu, huyo huyo njiti, akanyanyuka mabega kutoka mkekani bila kuachia.

"Mnamwona mume wangu?" Bibi alisema, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Waliokimbia waliachia mpini. Huyu anashika. Nyani alikuja kumwangalia ndugu aliyebaki na kazi." Akamgeukia Shangazi. "Mama, fungua mlango wageni waingie. Na wembe uishie kichwani."

Shangazi alifungua. Baba akaacha cherehani, akambeba mwanawe kifua wazi, akalitaja jina lake, Yusufu, kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Sijapata kujivunia mtu kama nilivyomjivunia Bibi saa ile. Vinyweleo vilipukutika vyenyewe baadaye, wala hatukuona vilikokwenda.

Nimefundisha biolojia mpaka nikastaafu. Najua sasa kwamba sote tulivaa vinyweleo vile tumboni mwa mama zetu, na anayewahi kuzaliwa huja navyo bado. Najua pia kwamba mshiko wa mtoto mchanga ni urithi wa kale, wa enzi ambazo wazee wetu walining'inia kwenye manyoya ya mama zao. Kila mwaka mwanafunzi fulani aliuliza kwa kebehi kama tulitoka kwa nyani. Nilimjibu hapana, sisi na nyani tulitoka kwa babu mmoja wa kale sana, kila mmoja akaenda njia yake. Habari ya uvivu Bibi alikosea. Ya undugu hakukosea, na ninajidai kwamba niliipata kwake kabla ya kitabu chochote.

Bibi alipofariki, Yusufu alikuwa mwanaume mwenye ndevu. Kule Masoko kaburi huchimbwa kwa kupokezana, na vijana walikuwa wamejipanga wakingoja zamu. Yusufu alishika jembe wa kwanza. Walipomnyooshea mikono wampokee, alitikisa kichwa akaendelea kuchimba, na hakuachia mpini mpaka kaburi likaisha.