Miguu ya Cherehani Ndani ya Ndege ya Watu Wawili

Hapa Eldoret ukisema unataka kukimbia, watu wanakuuliza tu unafanyia mazoezi wapi. Ukisema unataka kuendesha ndege, wanakuangalia kama mtu ambaye hajakula. Mimi nilisema hivyo kibandani kwangu Langas, huku nikishona sketi za shule, na kila mteja alikuwa na lake.

"Kwani cherehani imekuchosha?"

"Ukifika huko juu unisalimie mvua. Uiambie shamba langu liko Turbo."

Nilicheka nao. Hata mimi nilikuwa sijui pa kuanzia. Shule niliishia kidato cha pili, na nilidhani urubani ni wa watu wenye vyeti vya kujaza ukuta. Siku moja nikajipa moyo nikaenda mpaka geti la uwanja wa ndege. Askari alinisikiza vizuri, akanionea huruma. "Dada, hapa ni abiria na mizigo. Mambo ya kufundishwa, watu wanaenda Nairobi." Nairobi sikuwa na mtu wa kunilaza, na kibanda nani angekifungua?

Aliyenionyesha njia ni mama mmoja mfugaji kutoka Moiben, aliyekuja kuchukua yunifomu za watoto wake. Aliniambia bila hata kushangaa, "Si jirani yetu ana kandege. Ni mzee alikuwa ananyunyizia mashamba dawa kutoka juu, akastaafu. Siku hizi anafundisha mtu mmoja mmoja. Hako kandege ni bodaboda iliyoota mabawa tu." Akanipa nambari ya huyo mzee.

Nilipopiga simu, Mzee hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Aliniuliza nafanya kazi gani, kama macho yangu yanaona mbali, na kama nakuja kupiga picha. "Wengi wanataka picha tu. Nitakupa asubuhi moja nikuangalie. Nikiona hufai, nitakuambia hapo hapo. Na uje mapema, kabla jua halijapanda."

Jumamosi nilifika Moiben nyasi zikiwa bado zimelowa umande. Kandege kalikuwa kametolewa kwa banda la mabati, karibu na mahali ng'ombe wanakamuliwa. Niligusa bawa, nikashtuka. Kitambaa! Kimevutwa, kikakazwa, kikapakwa rangi mpaka kikawa kigumu kama ngoma. Nikatafuta mishono kwa vidole, na moyo wangu ukalainika. Kumbe hata huku kuna mtu alikaa chini akashona.

"Hapa kwetu juu hewa ni nyepesi," Mzee alinieleza tukijifunga mikanda, bega kwa bega. "Jua likiipasha inazidi kuwa nyepesi, na hii injini ndogo ikibeba watu wawili inahema kama mtu amepanda mlima na gunia. Kwa hivyo tuko na asubuhi tu. Kwanza uniendeshee hapa chini, unyooke mpaka mwisho wa kiwanja. Ukinyooka, tutapanda."

Ikiwa chini, ndege haiongozwi kwa mikono. Kuna pedali mbili: ukikanyaga ya kulia inaenda kulia, ya kushoto, kushoto. Ni hivyo tu. Injini ikanguruma, nikaweka miguu yangu pale, na miguu ikaanza kazi inayoijua.

Maana kwa cherehani ya kukanyaga, miguu haitulii. Mmoja mbele, mwingine nyuma, hivyo hivyo kutwa nzima. Basi nikakanyaga kulia, kushoto, kulia, kushoto, na ndege ikaenda kama mlevi anatoka sokoni, mkia huku, pua kule. Kondoo wa Mzee wakatoka mbio. Akazima injini.

"Msichana, unashona nini?"

Nikaona haya. "Pole, Mzee. Ni mazoea."

Alicheka mpaka akavua kofia. Halafu akaacha kucheka. "Rudia."

Nikarudia, ikawa vilevile. Jua lilikuwa limeshapita juu ya mahindi. Kila nikijikaza, miguu inazidi kukimbia, na nikaanza kuona Mzee anatikisa kichwa. Mke wake, aliyekuwa amesimama kwa ua akitungoja na chai, akapaza sauti, "Wewe Mzee, mwache huyo mtoto apumue! Umemkalia kama kuku na mayai!"

Mzee akashusha sauti. "Sikia. Cherehani inangoja uisukume. Hii inajisukuma yenyewe. Weka visigino chini. Pua ikienda kulia, gusa kushoto kidogo, halafu uache. Isipoenda mahali, usifanye kitu."

Usifanye kitu! Tangu nianze kushona sijawahi kupewa kazi kama hiyo. Nikaweka visigino chini. Miguu ilikuwa inatetemeka ikitaka shughuli. Nikatazama nguzo moja ya ua kule mwisho, nikangoja. Pua ikaenda kulia. Nikagusa, nikaacha. Ikanyooka. Ikaendelea kunyooka, nyasi zikipita pande zote mbili sawasawa, na kicheko kikanipanda tumboni, nikakizuia nisije nikakanyaga kitu.

Tulipofika mwisho, Mzee aliangalia kitambaa kilichofungwa mlingotini kuonyesha upepo, akaangalia jua. Akazima injini.

"Leo haturuki. Hewa imeshapata joto."

Nikajifuta macho kwa kiganja.

"Sasa unalia nini?"

"Ulisema asubuhi moja, Mzee. Na imeisha."

"Nilisema asubuhi moja ya kukuangalia. Nimekuangalia." Alishuka, akaniita tusukume kandege kurudi bandani. Nikashika pale palipokuwa karibu, kwenye ukingo wa mkia.

"Hapo usishike, utapinda! Shika hapa, kwa chuma. Na uzoee, kwa sababu kila Jumamosi wewe ndio utakuwa unakatoa na kukarudisha. Mimi mgongo wangu umechoka."

Nikashika kwa chuma, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, mpaka Mzee akawa anakimbia nyuma yetu na kofia mkononi, akipiga kelele, "Pole pole, wewe! Pole pole! Hiyo si mkokoteni!"