Skeli Isiyo na So

Siku za kazi nilitunza wazee katika nyumba moja kule Carrollton, na Jumapili nilipiga kinanda kwenye kanisa letu la Kiswahili, Garland. Ukumbi ulikuwa wa kanisa la Wamarekani. Wao walitoka saa sita, sisi tukaingia saa saba, harufu ya kahawa yao bado imejaa humo ndani. Mimi nilikulia kwenye kwaya ya Kilutheri huko Moshi, kwa hiyo muziki wangu wote ulikuwa wa do, re, mi. Nilipopata nafasi ya kusoma nadharia ya muziki Jumamosi asubuhi kwenye chuo cha karibu, nilijiandikisha nikiwa na uhakika kwamba nitakuwa naongeza nakshi tu.

Mwalimu wa chuo alikuwa mzee mwembamba wa Kimarekani aliyevaa sweta hata mwezi wa nane, kwa sababu kiyoyozi cha darasa lile hakikuwa na huruma. Jumamosi moja alichora ubaoni skeli, yaani ngazi ya sauti, ya noti nane. Unapanda hatua nzima, halafu nusu hatua, halafu nzima, halafu nusu, hivyo hivyo mpaka urudi ulikoanzia. Akasema uzuri wake ni kwamba imejirudia sawasawa: ukiihamisha yote juu kwa nusu hatua tatu, unapata noti zile zile nane. Ndiyo maana skeli za namna hii ziko tatu tu. Niliandika "tatu tu" na kupiga mstari chini yake, nikifurahi kwamba nimepata somo fupi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kutunga wimbo kwa skeli hiyo. Wenzangu walizitungia kompyuta zao. Mimi nilikuwa na kwaya ya watu kumi na sita, na isitoshe, baada ya wiki sita tungekwenda Houston kuimba kwenye sherehe ya kanisa rafiki la kule Alief. Nikatunga wimbo wa shukrani. Maneno yalisema tumesafiri mbali, hatukupotea njia, sasa tumefika nyumbani.

Nilimpelekea mama mwalimu wa kwaya karatasi. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Uvira, anafanya kazi kiwandani wiki nzima na kwaya anaiongoza kama zamu ya pili. Alivaa miwani, akaanza kusoma noti kwa sauti ya chini. "Do, re, ma, fa, fe, se, la, ti." Akarudia. Kisha akavua miwani.

"So iko wapi?"

"Haipo, mama. Kwenye skeli hii so haimo."

"Mulimutupa wapi?"

Nilimweleza habari ya hatua nzima na nusu hatua. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Mwishowe akasema, "Mutoto wangu, mimi sitabishana na masomo. Lakini muzee wa besi utamwambia weye."

Mzee wa besi alikuwa Mkongo pia, mpakiaji kwenye ghala hapo hapo Garland, mwenye sauti ya kutikisa viti. Katika nyimbo zetu zote aliishi kati ya do na so, kama mtu mwenye nyumba mbili, na hakuwahi kuomba zaidi. Nilipompa sehemu yake aliisoma hadi mwisho. Akaniuliza kama kuna jambo alilonikosea.

Tulifanya mazoezi wiki zote sita. Soprano walilalamika kwamba wimbo unawapa kizunguzungu. Dada mmoja wa Kikenya alisema unafanana na muziki wa sinema pale jambazi anapofungua mlango. Mzee wa besi aliimba fe na se kwa uso wa mtu anayevuka mto peku. Wiki ya mwisho nilimwonea huruma, nikakubali jambo moja: kodi ya mwisho kabisa, yaani zile sauti za kufungia zinazolia pamoja, kwenye neno "nyumbani", ingekuwa do-mi-so ya kawaida, na so angepewa yeye. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Tulikwenda Houston kwa magari matatu, tukaondoka Jumamosi alfajiri. Kanisa la Alief lilikuwa katika safu ya maduka, kati ya duka la unga na dagaa na fundi matairi. Lilijaa hadi mlangoni. Wenyeji waliimba kwanza, kisha mpiga kinanda wao akanipisha kiti kwa heshima zote.

Mama mwalimu alitoa do kwa filimbi yake ndogo. Kwaya ilianza mstari wa kwanza bila kinanda, kama tulivyopanga. Mstari wa pili mimi nikaingia, nikipiga noti zile zile wanazoimba. Mara nikasikia utajiri ambao sikuwahi kuusikia Garland. Kila sauti ilikuwa na mwenzake. Nilidhani ni spika zao. Nilifikiri pia, na hili naliungama, kwamba labda mimi ni mtunzi mkubwa kuliko nilivyojijua. Mama mmoja mbele alifumba macho.

Tukafika kwenye "nyumbani". Kwaya ilitua kwenye do-mi-so yao, nami nikatua kwenye yangu, na zilikuwa nyumba mbili tofauti. Ulikuwa mlio wa sahani kuangukiana. Mtoto fulani alianza kulia. Mama mwalimu alifunga ngumi hewani, kila mtu akakata sauti, nami nikatoa mikono kwenye kinanda kana kwamba kimeniunguza.

Mzee wa besi hakuiona ngumi. Alikuwa amefumba macho, ameipata so yake baada ya wiki sita, na hakuwa na haraka. Aliishikilia peke yake, pana na tulivu, mpaka pumzi ilipomwishia. Kanisa zima likasema amina.

Nilipotazama kioo kidogo cha kinanda chao cha umeme, kinachoonyesha namba, nikaelewa. Mpiga kinanda mwenyeji alipiga nyimbo zote kwa funguo nyeupe tu, na kitufe ndicho kilichompandishia sauti. Alikuwa ameiacha nusu hatua tatu juu. Alikuja kuniomba radhi mara mbili.

Wakati wa chakula mama mwalimu alikaa karibu nami na sahani ya sombe, kisamvu cha Kikongo.

"Ulikuwa unapiga vibaya tangu wapi?"

"Tangu nilipoingia, mama."

"Na sisi hatukusikia?"

"Isingesikika. Ukipanda tatu, noti ni zile zile. Mpaka pale mwisho, tulipotoka kwenye skeli."

Alitafuna taratibu. "Basi mutu anaweza kupotea mule ndani na asijue."

"Ndiyo, mama."

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia mwalimu wa chuo. Alicheka mpaka akavua ile sweta, jambo ambalo darasa halikuwahi kuliona, kisha akanifanya nilichore tukio lote ubaoni.

Kuhusu wimbo, niliamini umekufa. Lakini karibu na Pasaka mama mwalimu alinirudishia karatasi. Maneno yangu yote ya shukrani alikuwa ameyakata kwa kalamu nyekundu, na juu yake ameandika mengine, kuhusu zile saa tatu za giza la msalabani na watu wasiojua wanakokwenda. Kodi ya mwisho aliifuta kabisa, na mzee wa besi akapewa kukaa kimya ukurasa wote wa mwisho. Tuliuimba Ijumaa Kuu, Garland, na hata watoto walioshinda wakikimbizana ukumbini walikwenda kukaa na mama zao. Nilipiga kinanda pale miaka minne mingine, na kila Ijumaa Kuu waliuomba tena.